Mjomba Alipopanga Bei

Bei yangu ya kwanza katika kazi ya kukausha ndege waliokufa sikuipanga mimi. Ilipangwa na mjomba wangu, kwenye simu, akiwa amekaa barazani kwake Tandahimba pamoja na rafiki yake ambaye jogoo wake wa kuchi alikuwa amekufa usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilimsikia akimwambia, bila kuniuliza na bila kupunguza sauti, "Huyu ni mpwa wangu, atakukaushia kwa elfu thelathini na tano." Kwa sisi tuliolelewa upande wa mama, ambako neno la mjomba halibishiwi mbele ya mgeni, jambo lilikuwa limekwisha. Kesho yake jogoo alifika Mtwara mjini kwa basi la asubuhi, ndani ya mfuko uliokuwa wa salfa ya mikorosho, pamoja na barafu iliyokuwa imeshageuka maji. Niliifanya kazi ile kwa majuma matatu, nikamrudisha jogoo akiwa amesimama kifua mbele juu ya kigingi cha mpingo, nikapokea shilingi 35,000 na kuamini kwamba nimepata faida ya shilingi 13,000.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari. Kazi ninayoieleza hapa ni taksidemia, yaani kumchuna ndege au mnyama kwa uangalifu, kuitibu ngozi yake isioze, kisha kuivika juu ya umbo la kutengeneza ili aonekane kama alivyokuwa akiwa hai. Nilijifunza hatua za mwanzo chuoni, tulipoandaa ngozi za ndege kwa ajili ya kufundishia, na zilizobaki nilijifunza kwa kuharibu. Kwa miaka kadhaa nilitumia kuku wa kitoweo: badala ya kuku aliyechinjwa kutiwa maji ya moto na kunyonyolewa, nilimchuna ngozi pamoja na manyoya yake, kisha nyama ikaenda jikoni. Mke wangu alivumilia, ingawa mara nyingi aliwaomba radhi wageni kwa kuwaandalia pilau ya kuku walio uchi. Wakati huo hakuna aliyenilipa, na kwa kuwa hakuna aliyenilipa, sikuwa na sababu ya kujua nimetumia muda gani. Huo ndio upungufu nilioingia nao kwenye biashara mwaka 2019.

Shilingi 13,000 zile nilizipata kwa hesabu ambayo wakati ule niliiona imekamilika. Macho ya kioo, pamoja na gharama ya kuyaagiza, yalikuwa shilingi 6,000, boraksi na shabu za kutibia ngozi 4,000, waya wa miguu, mabawa na shingo 2,000, uzi, pamba na sufi 2,500, rangi 2,500, na kigingi nilichochongewa na kijana mmoja anayechonga vinyago kilikuwa 5,000. Jumla ni 22,000. Kiini cha mwili nilikifunga kwa usumba wa nazi, ambao nyumbani kwetu haununuliwi, na kwa hiyo sikuuandika. Nilimwonyesha daftari hilo mwenzangu anayefundisha utunzaji wa hesabu za biashara, nikitarajia sifa. Aliusoma ukurasa ule mara moja, akauliza, "Saa zako umeziandika wapi?" Nikamjibu kwamba nafanya jioni jioni, baada ya kazi. Akanirudishia daftari bila kuongeza neno.

Kwa jogoo wa pili niliweka saa ya ukutani mezani na kuandika kila nilipoanza na kila nilipoacha. Kuchuna kulichukua saa 3. Kukwangua mafuta kwenye ngozi kulichukua saa nyingine 3, na hapa ndipo anayeanza hujidanganya, kwa sababu mafuta yakibaki huchuruzika taratibu miezi kadhaa baadaye, huyageuza manyoya kuwa ya manjano na huikausha ngozi mpaka ikachanika yenyewe. Kuosha kwa sabuni na kukausha manyoya kwa mashine ya kukaushia nywele, saa 2. Kufunga kiini cha mwili kinacholingana na mwili halisi uliotolewa, saa 3. Kuvika ngozi, kupitisha waya, kushona na kumsimamisha, saa 4. Kisha kuna majuma matatu ya kukauka, ambayo nilikuwa nikiyahesabu kuwa ya bure, wakati ukweli ni kwamba kila siku nilimkagua, nikaurudisha unyoya ulioinuka, nikahamisha pini na kuangalia kama mguu umepinda. Dakika 15 hivi kwa siku, ambazo kwa siku 21 zilikaribia saa 5 na ushei, nami nikaandika 5. Mwisho upanga wa kichwani na ndevu zake, ambavyo vikikauka hunywea na kuwa kama pilipili iliyoanikwa, inabidi vifinyangwe upya na kupakwa rangi, na pamoja na kumfunga kwenye kigingi hiyo ilikuwa saa 3. Jumla ni saa 23. Niligawa 13,000 kwa 23 nikapata shilingi 565 kwa saa.

Niliurudia mgawanyo huo mara mbili. Sikuwa nimedhulumiwa na mtu, kwa sababu rafiki wa mjomba alilipa alichoambiwa, tena kwa shukrani. Kilichonisumbua ni kwamba tangu mwanzo nilikuwa nikijiuliza jogoo aliyekauka ana thamani gani, swali ambalo kila mtu ana jibu lake na wengi watakwambia hana thamani yoyote, badala ya kuuliza saa yangu moja ina thamani gani, swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo mfukoni. Jumamosi nilikuwa nikifundisha masomo ya ziada ya baiolojia, na kwa saa mbili nililipwa 10,000. Ningeacha kuku na kufundisha, ningepata karibu mara tisa.

Huku kwetu tuna mfano mkubwa wa jambo hili. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, yaani mijusi wakubwa wa kale, katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, na mmoja wao, ambaye mifupa yake ilisimamishwa Berlin mwaka 1937, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani. Watu hubishana kuhusu thamani ya mifupa hiyo. Mimi kila ninapoiwaza huona kwamba ndani ya ardhi ilikuwa haigharimu chochote. Kilichoifikisha bandarini Lindi ni mikono ya waliochimba na vichwa vya wapagazi waliotembea nayo kwa siku kadhaa, safari baada ya safari. Usumba wangu nao ulikuwa wa bure.

Kabla sijafika kwenye bei iliyo sahihi nilipitia kosa la pili, ambalo lilionekana kuwa na mantiki zaidi kuliko la kwanza. Niliamua kupanga bei kwa ukubwa wa ndege. Njiwa ilikuwa 15,000, kuku wa kawaida 40,000, bata 60,000, kama wanavyopanga sokoni kwa wanyama walio hai. Njiwa wa kwanza kuletwa kwa bei hiyo alinifunza adabu. Ngozi ya njiwa ni nyembamba kama karatasi iliyolowa, na manyoya yake yameshikiliwa kidogo sana, kiasi kwamba ukimshika vibaya yanabaki mkononi; nilikaa naye saa 19, nikishikiza viraka kwa gundi na kibano, kwa malipo ambayo baada ya kutoa vifaa yalibaki shilingi 2,000. Bata naye si mgumu kwa sababu ni mkubwa. Ni mgumu kwa sababu ya mafuta, na bata mnene wa msimu wa mavuno anaweza kukwanguliwa jioni mbili nzima. Jogoo humshinda tetea kwa karibu saa tatu kwa sababu ya upanga na ndevu peke yake, ingawa kwenye mizani wanaweza kulingana. Tangu hapo niliacha kuuliza ndege ana uzito gani, nikaanza kuuliza amekufaje, amekaa muda gani bila barafu, na ana umri gani, kwa sababu kuku aliyekaa kutwa kwenye joto la Mtwara huanza kupukutika manyoya tumboni kabla hujamgusa, na hapo hakuna bei inayofaa isipokuwa kumrudisha.

Hesabu ya hasara ilikuja yenyewe. Usiku mmoja wa Februari umeme ulikatika mpaka kesho yake mchana, nami nilikuwa safarini Masasi, na niliporudi nilikuta ndege watano ndani ya friza wakiwa wameanza kunuka. Wawili walikuwa wa wateja. Niliwarudishia wenyewe arubuni zao na kuwaomba radhi, mmoja akaelewa na mwingine hakuelewa, na simlaumu. Nilipopitia daftari la mwaka mzima, ukiacha balaa hilo la usiku mmoja, niliona kwamba kati ya kila ndege sita nilioanza kuwashughulikia, mmoja aliharibika njiani: ngozi kuchanika, manyoya kutoka, au nondo kuingia wakati wa kukauka. Hasara hiyo si bahati mbaya. Ni sehemu ya kazi, kama korosho chache zinazovunjika wakati wa kubangua, na wale watano wanaofika salama ndio wanaopaswa kumbeba wa sita.

Basi nilikaa na yule mwalimu wa hesabu, safari hii nikiwa na karatasi safi, tukajenga bei ya jogoo mmoja kutoka chini. Saa 23 tulizipa thamani ya 3,500 kila moja, chini ya masomo ya ziada, kwa kuwa kazi hii naipenda na nilikuwa tayari kulipia mapenzi hayo mimi mwenyewe kwa kiwango kinachojulikana. Hiyo ikawa 80,500. Vifaa, 22,000. Kisha tukaandika yale ambayo hayakuwahi kuandikwa: umeme wa friza kwa mgawo wa kila ndege 3,500, wembe na glavu 2,000, nauli na vifungashio 1,500, na 1,000 kwa ajili ya kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, vile vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000, ambayo niliigawa kwa ndege 20 wa mwaka. Jumla yake ni 8,000. Ndege anayeharibika kwa kawaida huharibika katikati ya kazi, kwa hiyo tulimpa nusu ya gharama, kama 55,000, na tukaigawa kwa watano walio salama: 11,000 kila mmoja. Jumla kuu ikafika 121,500, nami nikaandika 120,000. Mwalimu aliniuliza faida iko wapi. Nilimwambia kwamba kwa sasa mshahara wa saa zangu unanitosha, akatikisa kichwa kama mtu anayemwona mgonjwa aliyekataa nusu ya dawa.

Kutamka bei hiyo kulikuwa kugumu kuliko kuikokotoa. Mteja wa kwanza kuisikia alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki, na nakumbuka nilisema "laki moja na ishirini" kwa sauti ya chini, kisha kabla hajafungua mdomo nikaongeza, "lakini tunaweza kuzungumza." Maneno hayo matatu yalinigharimu 40,000. Hakuwa ameomba kupunguziwa. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango, na mtu aliyelelewa sokoni akiona mlango umefunguliwa huingia. Baada ya hapo niliacha kutaja bei kwa mdomo. Niliandaa karatasi yenye mistari yote, kuanzia kuchuna hadi kigingi, yenye saa pembeni, na mteja husomewa au husoma mwenyewe. Sikutegemea karatasi hiyo ibadilishe mambo kiasi kile. Watu wengi waliondoka, pengine watatu katika kila wanne, lakini waliondoka bila kuniona mwizi, na wachache walirudi baada ya miezi wakiwa na ndege na fedha mkononi. Waliobaki waliacha kusema "kuku tu huyo," kwa sababu karatasi ilikuwa haizungumzii kuku.

Hao watatu walioondoka ndio walionifikisha kwenye jambo lililoinua biashara yenyewe. Miongoni mwao alikuwa mkuu wa idara ya sayansi wa shule ya wilaya jirani, aliyetaka ndege sita wa kufundishia aina za midomo, miguu na manyoya, na ambaye hakuwa na 720,000. Nilikuwa karibu kumpa punguzo la nusu. Kisha nikajiuliza wanafunzi wake watafanya nini na ndege aliyesimama kifua mbele juu ya mpingo, na jibu lilikuwa kwamba watamwogopa au watamvunja. Walichohitaji ni ngozi ya kufundishia: ndege aliyelazwa chali, mabawa yamekunjwa, pamba mahali pa macho, kijiti ndani, na lebo mguuni inayoeleza jinsi, tarehe na mahali. Ngozi kama hiyo hunichukua saa 7 na vifaa vya 9,000. Kwa thamani ileile ya saa ni 33,500, nami huiuza 35,000. Msomaji ataona kwamba ni bei ileile ya mjomba. Tofauti ni kwamba safari hii nilipunguza kazi, na thamani ya saa yangu ikabaki ilipo.

Kazi za shule ndizo zinazojaza sehemu kubwa ya mwaka wangu sasa, na zina adha yake, kwa kuwa malipo hupita kwenye sahihi nyingi na huweza kuchukua muhula mzima. Sikuongeza bei kwa sababu hiyo. Niliomba tu nusu itangulie, na shule zisizoweza kutanguliza nusu hupewa ndege wawili wawili badala ya sita kwa mkupuo.

Arubuni kwa watu binafsi ilikuwa suala jingine, kwa sababu huku kwetu fedha ina majira. Wakulima wa korosho hukaa miezi mingi bila fedha taslimu, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye zao hili mwaka 2007, malipo yao hufuata minada inayoanza kwa kawaida Oktoba. Jogoo hafuati minada. Hufa Machi, hufa Juni, na mwenyewe huja na machozi na ahadi. Mwaka wa kwanza nilipokea ahadi nane. Tatu zililipwa Novemba; tano zilibaki kwenye rafu yangu, jogoo watano wakinitazama kwa macho ya shilingi 6,000, mpaka nondo walipomwingia mmoja wakati wa mvua na ikabidi niwatoe wote nje. Sasa sianzi kuchuna kabla ya kupokea nusu, na asiye nayo namwekea ndege kwenye friza kwa miezi mitatu kwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Wengi wakisikia hivyo hugundua kwamba wana nusu.

Kuna mwaka nilishawishika kupandisha bei msimu wa minada ulipoanza. Kila kitu kilikuwa kimepanda mjini, kuanzia nyumba za wageni hadi bodaboda, nami nikaandika 160,000 kwa kazi ileile ya saa 23. Nilipata wateja wanne, na wote walilipa bila kusita. Mwezi Mei uliofuata mmoja wao alileta jirani yake, akasikia bei ni 120,000, akaniuliza mbele ya watu zile 40,000 zake zilikuwa za nini. Sikuwa na mstari kwenye karatasi wa kumwonyesha. Nilimrudishia, na wengine watatu nikawatumia kwa simu, jambo ambalo mwalimu wa hesabu aliliona la kipuuzi na mimi sikuliona hivyo, kwani mtu aliyeonyeshwa karatasi yenye saa zote amepewa haki ya kuuliza.

Sitaki ionekane kwamba hesabu ilimaliza kila kitu. Mwaka wa pili mwalimu mstaafu wa Shangani, hapahapa Mtwara, aliniletea paka wake, aliyeishi naye miaka 14 tangu mumewe alipofariki. Nilimwambia kwamba sijawahi kufanya paka. Akasema, "Jaribu tu, mwanangu." Karatasi yangu ilikuwa mezani, nami niliifunika kwa mkono nikamwambia, "Mwalimu, nipe elfu arobaini ya vifaa." Ngozi ya mamalia hutibiwa tofauti na ya ndege, niliipaka chumvi ya mashamba yetu ya pwani, kisha shabu, nikaikwangua kwa siku kadhaa, nikachonga kichwa upya mara tatu kwa sababu uso wa paka haujifichi nyuma ya manyoya kama wa kuku. Nilitumia saa 46. Nilipomkabidhi, alimtazama kwa muda mrefu, akampapasa mgongoni, akasema, "Ahsante, mwanangu, umefanya kazi nzuri sana. Lakini huyu si yeye."

Alisisitiza kulipa. Nilimrudishia fedha zake, naye akaniomba nimzike paka chini ya mwembe wake, nikamzika jioni ileile. Nyumbani nilifungua daftari kwa mazoea, nikakokotoa kwamba kwa bei kamili kazi ile ingefika zaidi ya 200,000, kisha nikajaribu kufikiri ni kiasi gani kingetosha kunifanya nisimame tena mbele ya mama yule na kusikia maneno yale. Sikukipata. Mwenye jogoo hukumbuka umbo la jogoo wake, jinsi alivyosimama na rangi ya mkia, na hayo naweza kuyarudisha. Mwenye paka hukumbuka jinsi alivyotazamwa. Kwa hiyo paka na mbwa hawamo kwenye orodha yangu kwa bei yoyote, na ninaposema hivyo baadhi ya watu hudhani naitafuta bei kubwa zaidi.

Wapo pia wengine wasiokuwamo kwenye orodha, na kwao sina simanzi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara za Serikali bila kibali, na nyara ni pamoja na ngozi, pembe, meno na hata manyoya. Mimi sina kibali na sijakitafuta. Nafanya wanyama wa kufugwa peke yao. Mtu mmoja aliwahi kuniletea kanga watatu akiapa kwamba ni wa kufuga, na mwingine aliniuliza kama naweza kung'arisha gamba la kasa kwa ajili ya mgeni, akaahidi kunilipa mara tatu ya bei ya jogoo. Kabla ya kuwa na hesabu, fedha kama hiyo ingenitia kizunguzungu. Baada ya kuijua saa yangu niliweza kuona ni saa 69 tu zangu, yaani kama jioni 20 mezani kwangu, na kifungo hakihesabiwi kwa jioni.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mjomba mwenyewe alifiwa na jogoo. Hakupiga simu, alikuja naye mwenyewe kutoka Tandahimba, akiwa na barafu ya kutosha safari hii, akakaa sebuleni na kunywa chai mpaka ikaisha. Sikuweza kumwambia mjomba atoe nusu, na sikutaka kurudi kwenye kazi ya gizani. Nilichukua karatasi, nikaijaza mistari yote kama ninavyomjazia mteja yeyote, nikaandika chini 120,000, kisha chini yake nikaandika "Mjomba, zawadi," na mstari wa mwisho nikaweka sifuri. Nikampa.

Alivaa miwani yake na kuisoma kwa utaratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika kwenye umbo la usumba aliguna. Alipofika kwenye ndege wa sita alisimama, akanitaka nimweleze, nikamweleza. Kisha akanyamaza kidogo, nikajua anatoa 35,000 kwenye 120,000.

"Kwa hiyo yule rafiki yangu," akasema, "nilimpa elfu themanini na tano zako."

"Ndiyo, mjomba."

Akarudi juu kwenye karatasi, kidole kikatua kwenye mstari wa kukagua kila siku. "Na hapa? Saa tano za kumtazama tu?"

"Za kumtazama tu, mjomba."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa kanzu, akauliza basi la mwisho la Tandahimba linaondoka saa ngapi.